Kiatu chenye Uzi Mwekundu

Sheria ya kwanza ya kikundi chetu ilikuwa kwamba mtu asife kwa risasi. Wala kwa panga, wala kwa moto. Msimamizi wetu, mwalimu wa Kifaransa ambaye miwani yake ilishikiliwa na kipande cha waya, aliiandika hata kabla ya kutukaribisha: "Mambo ya vita hapana. Tunaandika mizimu, batu baogope muzuri." Tulikuwa watu kumi na mmoja, wote wa Bunia isipokuwa wawili waliokuwa Mahagi, na kila mmoja alielewa bila kuuliza. Mambo ya vita yalikuwa hayajapoa kiasi cha kugeuzwa hadithi. Mji ulikuwa umetulia, soko lilijaa, watoto walisoma, lakini kila nyumba niliyoijua bado ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari nyuma ya mlango, wenye nguo, chumvi na karatasi za ubatizo. Kwetu, mtaa wa Ngezi, mfuko ule ulikuwa wa mama, na ole wako uuguse.

Kikundi kilikuwa cha kwenye simu. Kila Novemba, mwezi ambao Kanisa linawaombea marehemu, tulifanya kile tulichokiita defi, yaani kujipima: siku thelathini, hadithi au shairi la kutisha kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi msimamizi aliweka neno moja. Pazia. Kisima. Jirani. Kabla ya saa kumi na mbili jioni uwe umeleta kazi yako. Ukichelewa unaambiwa umeliwa na mzimu, na unasubiri kesho. Hakukuwa na zawadi. Zawadi ilikuwa kuwatisha wenzako, na anayedhani hiyo ni zawadi ndogo hajawahi kumfanya mwalimu mzima, baba wa watoto sita, aandike mbele ya watu kwamba leo haendi chooni peke yake.

Mimi nilikuwa mzuri katika hayo. Nasema bila aibu kwa sababu sina vingi vya kujivunia. Nilifanya kazi katika kibanda cha sekretariati mtaani Mbunya, mahali watu wanapochapiwa barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi na vitabu vya wanafunzi wanaomaliza chuo. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, rafiki yangu kwenye mashine ya fotokopi. Miaka minne tulikaa bega kwa bega, tukila muhogo kwenye sahani moja. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka miwili, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, na alikuwa na sauti. Sijui niieleze vipi. Mteja aliyekuja kufoka kwamba picha yake imetoka nyeusi alisikiliza maelezo yake, akaondoka akishukuru.

Basi tuligawana kazi. Mimi niliandika, yeye akasoma. Kati ya mteja na mteja nilichapa mistari yangu, na kwa kuwa siwezi kuandika bila kujisomea kwa sauti, alinicheka: "Yaya, weye unaandikaka na mudomo." Ikifika jioni, jenereta ikizimwa, alijifunika kitenge kichwani ili kelele za barabara zisiingie, akasoma, nasi tukatuma maandishi na sauti pamoja. Kikundini walituhesabu kama mtu mmoja. Siku ya nne neno lilikuwa nakala, nikaandika juu ya mashine ya fotokopi ambayo ukiiwekea kitambulisho chako inatoa uso wa mtu atakayekuzika. Asubuhi iliyofuata rafiki yangu alikataa kuiwasha mashine yake. Tulicheka mpaka mteja akadhani tunamcheka yeye.

Sasa nimlete mama, kwa kuwa bila yeye sina cha kueleza. Baba yangu alitoka asubuhi moja wakati wa vita, akaenda upande wa Iga Barrière kutafuta maharage, hakurudi. Hakuna aliyetuletea habari, wala mwili, wala kofia. Mama ni mtu wa Mahagi, Mkatoliki wa rozari na kimya, si wa makelele. Hakuvaa nyeusi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni mjane. Hakuolewa tena. Alikuwa na ukaidi wake mdogo mdogo ambao mimi sikuuelewa, kwa mfano komeo la chini la mlango wa mbele. La juu alilifunga, la chini hapana, na la juu lenyewe hata mtoto angeweza kulisukuma. Nilimlalamikia kila mara kwa sababu ya wezi. Alinijibu kwamba wezi wa Bunia wanapitia dirishani.

Kila tarehe mbili Novemba, watu wa mji wanapokwenda makaburini na majembe, mafagio na maua, mama naye alikwenda. Hakuwa na kaburi. Alijichagulia moja lililoachwa, lenye msalaba wa mbao uliofutika jina, akaling'olea majani, akalifagia, akawasha mshumaa na kusali. Alifanya hivyo miaka mingi, mpaka na mimi nikazoea kuliita kaburi letu. Mwaka ninaousimulia, tulikuta wenyewe wamekuja. Walikuwa wamerudi kutoka Uganda, wamelijengea sementi, wamepanga vigae vya buluu. Hawakuwa wabaya. Mmoja alimwuliza mama kwa heshima, "Mama, weye ni nani wake?"

"Hapana," mama alisema. "Nilipotea njia."

Akageuka na fagio lake. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani nikilitazama lile fagio safi, na nilikuwa na aibu kubwa ingawa hakuna mtu aliyetukosea. Jioni hiyo hakula. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwaka kesho nitafagia wapi?" Tangu siku hiyo alianza kufanya mambo kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke. Aliacha kupanda mboga nyuma ya nyumba. Aliacha kusuka nywele.

Siku ya kumi na tatu ya defi ilikuwa Jumapili, na neno lilikuwa kiatu.

Lazima mjue kwamba baba aliondoka na viatu vyeusi vya ngozi, na cha kushoto kilikuwa kimeachana na soli. Mama alikishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Baba alicheka, akasema sasa watamwona akiwa mbali. Ni kitu cha nyumbani kwetu, cha watu wawili tu, mimi na mama. Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja zaidi, rafiki yangu, siku moja ya mvua alipokuwa akishona kiatu chake kibandani na mimi nikashindwa kuyazuia machozi.

Mchana ule wa Jumapili nilikaa sebuleni na simu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilijiambia naandika mzimu tu, sivunji sheria. Nikamwandika marehemu asiye na mahali, anatembea Bunia mchana wa mvua akiwa na kiatu kimoja, nywele zimejaa vumbi la matofali. Walimtupa katika shimo la zamani la wachoma matofali, kando ya njia ya Iga, karibu na visiki vitatu vya mikaratusi, na humo amelala na wengi, mahali ni pafinyu. Anapiga hodi nyumba kwa nyumba. Haombi chakula, haombi sala, anaomba mahali penye urefu wa mkeka tu. Kila nyumba inamjibu kwamba imejaa. Mwisho anafika kwake. Mke wake anainama, anachungulia chini ya mlango, anaona kiatu, anaona uzi mwekundu alioushona kwa mkono wake. Anamjua. Anarudi kukaa kwenye kiti chake, wala hafungui.

Mwisho ule niliusoma kwa sauti mara mbili ili nisikie unavyogonga. Ulikuwa unagonga kweli. Nakumbuka kinu kilinyamaza kidogo huko nyuma, kisha kikaendelea. Nilimtumia rafiki yangu maandishi, akasoma akiwa kwao, tukawahi saa.

Kikundini hakuna aliyeweka picha ya kucheka wala ya kutetemeka. Baadaye sana msimamizi akaandika: "Huyu muzimu alikufa na nini?"

"Haikuandikwa," nilijibu.

"Ndiyo. Haikuandikwa." Kisha akaongeza, "Hii njo inapita yote ya mwaka huu."

Nilifurahi. Siwezi kusema uongo hapa, nilifurahi sana. Nilitembea siku mbili nzima nikiwa mwepesi, na sikuwaza hata mara moja kwamba kuna mtu nilipaswa kumwomba ruhusa.

Alhamisi ya wiki hiyo rafiki yangu hakuja kazini. Alituma ujumbe kwamba kichwa kinamuuma. Nilishika mashine zote mbili, wino ukaniharibia blauzi, na mchana nilimwandikia apumzike, asiwaze kitu. Ijumaa alikuja akiwa mzima, mpole kuliko kawaida, na alikataa kunitazama. Nilidhani bado anaumwa.

Jumamosi nilimkuta mama nyuma ya nyumba anafua kitambaa cheupe cha kichwani ambacho sikuwahi kukiona. Alikuwa amesuka nywele.

"Baba yako alionekana," aliniambia.

Nilikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa. Mama akaendelea kufua, akieleza taratibu. Kuna chumba cha maombi, cha akina mama wanaokutana alasiri. Mmoja wao alikuja Alhamisi kumchukua, akisema ana neno kwa ajili yake. Alikwenda naye. Huko, mbele ya wote, yule mama wa maombi alifumba macho, akaona.

"Aliona nini?"

"Shimo ya matofari, ku njia ya Iga. Bisiki tatu bya karatusi. Mutu iko na bumbi ku nywele. Anasema fasi iko finyu, anaomba tu urefu wa mukeka. Anaomba bibi yake akuye kumufagilia." Mama alikamua kitambaa, akakikung'uta. "Na kiatu. Aliona uzi mwekundu."

Kisha akanitazama, kwa muda mrefu.

"Weye unasema nini?"

Ilikuwa hadithi yangu neno kwa neno, vumbi langu, visiki vyangu, mkeka wangu. Mlango tu haukuwamo, na mahali pake palikuwa na fagio. Sikuhitaji kuuliza ni mama gani huyo wa maombi, lakini niliuliza, na mama akasema, "Ule mwenzako wa kazi. Haukujua anasalaka?"

"Sijui, mama," nilisema. "Sijui niseme nini."

Akaanika kitambaa.

Nimeshawahi kuibiwa. Niliibiwa simu sokoni, niliibiwa sufuria, na mtu mmoja aliwahi kuniibia mchumba mchana kweupe. Lakini hayo yote yalikuwa vitu na watu. Huyu alichukua kilio changu cha siku ile ya mvua, akachukua na kazi ya mikono yangu, akavichanganya, akampelekea mama yangu kwa jina la Mungu. Na alifanya hivyo siku ambayo mimi nilikuwa nachafuka wino kwa ajili yake.

Jumatatu nilifika kibandani kabla yake. Alipoingia hakusalimia, alianza kupanga karatasi.

"Ile ni yangu," nilimwambia. "Matofari, bisiki, mukeka. Niliandika miye."

"Yaya, uliandika, ndiyo. Lakini miye nilisoma. Na wakati nilisoma, niliona."

"Haukuona kitu. Uzi unaujua juu nilikuambia, hapa hapa, na machozi."

"Mungu hawezi kupita ku hadithi?" Alisema kwa ile sauti yake, na hilo liliniudhi kuliko maneno. "Mama yako alilia kwetu, akatoa yote. Balimushika mikono. Alirudia kwake anaimba. Weye na maandishi yako, ulimupa nini?"

"Miye ni mutoto wake."

"Basi kwenda umuambie ni bongo, miye nadanganya. Sitakukataza."

Akawasha mashine, mteja akaingia na cheti chake. Alijua sitamwambia. Hapo ndipo niliposikia uchungu wa kweli, kwamba alinijua kiasi kile. Mgeni angebahatisha, akakosea. Yeye alikuwa amekaa karibu nami miaka minne akijifunza mahali pa kunishika.

Nilianza kuona mambo niliyokuwa siyaoni. Akina mama wenye vitambaa vyeupe waliingia kibandani bila karatasi yoyote ya kutoa nakala, wakamsalimia kwa mikono miwili. Mwaka uliopita, kama alivyonieleza mwenyewe wakati bado tunaelezana mambo, kazi yake katika chumba kile ilikuwa kupanga viti. Sasa walimwuliza ndoto zao. Alijibu kwa kituo, kama alivyosoma hadithi zangu, akishusha sauti pale pale ambapo mimi ndiye niliyemfundisha kuishusha.

Nilitoka kwenye defi. Msimamizi aliuliza kikundini, "Muliliwa na muzimu?" nikajibu ndiyo. Rafiki yangu hakuliwa. Aliwasomea wengine. Kivuli, jiwe, mgeni, maneno yalipita, nami nilizisikiliza hadithi zile kwenye simu nikiwa nimejaa hasira, zingine mbovu kabisa, zikipendeza kwa sababu ya sauti ile. Niliwaza kumwanika mbele ya kikundi. Lakini ningesema nini? Ningelazimika kusema kwamba yule mzimu ni baba yangu, na kwamba sheria ya kwanza niliivunja mimi.

Kwa mama nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anapanda mboga. Mara ya pili alikuwa ametoka kwa seremala kuagiza msalaba, akanieleza urefu wake kwa mikono. Mara ya tatu nilifungua mdomo kabisa, naye akageuka, akaacha alichokuwa anafanya, akasubiri. Nikasema chumvi imekwisha. Kila mara niliona lile fagio safi na vile vigae vya buluu. Nilikuwa na neno moja ambalo lingemrudisha pale, asimame mbele ya kaburi la watu akisema amepotea njia. Sikuweza kulitoa. Na kila siku niliyonyamaza, nilijiona nasaidiana na mwizi wangu.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba tulikwenda. Wiki hiyo njia ilikuwa wazi, na vijana wa pikipiki walisema ni salama mpaka saa sita mchana, baada ya hapo hawaahidi. Tulikuwa wanne: mama, mimi, rafiki yangu, na mama mmoja mnene wa chumba cha maombi aliyebeba chupa ya maji yaliyoombewa. Msalaba mama alikataa kuukabidhi kwa mtu, aliupakata mwenyewe. Kwenye kizuizi askari alitutazama mmoja mmoja.

"Munaenda wapi na muti hii?"

"Ku kaburi ya bwana yangu," mama alijibu.

Alilisema neno kaburi wazi, bila kusita, na niligundua kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilisema. Askari alishusha kamba.

Njia ile ina mashimo ya matofali kila upande. Nilijua, ndiyo maana niliandika shimo. Visiki vya mikaratusi navyo ni vya kuokota tu, kwa sababu wachoma matofali wanahitaji kuni. Unaweza kusimama mahali popote pale ukaniambia ni hapa, na hadithi yangu haitakupinga. Rafiki yangu alikuwa bado anatazama huku na huku, amekunja uso wa kuona mambo, wakati mama alipompiga dereva wake begani na kushuka.

"Ni hapa," mama alisema.

"Ndiyo, mama," rafiki yangu alidakia. "Njo hapa."

Visiki vilikuwa viwili. Cha tatu kilikuwa kichuguu cha mchwa. Hakuna aliyehesabu isipokuwa mimi, na nilihesabu mara mbili, kwa chuki. Shimo lilikuwa limejaa majani. Mama alivua viatu, akaingia na fagio, akafagia taratibu sehemu yenye urefu wa mkeka, kisha akauchimbia msalaba wenye jina la baba. Alipomaliza uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa wa mtu ninayemkumbuka kwa mbali, tangu utotoni. Nilitaka kulia kwa furaha yake, na papo hapo nilitaka kumsukuma rafiki yangu shimoni.

Rafiki yangu alipiga magoti, akaomba. "Fasi ilikuwa finyu, Baba, leo iko wazi. Aliomba urefu wa mukeka tu." Mama mnene akaitikia amina, na sentensi zangu zikanyunyiziwa maji ya chupa. Nilifumbua macho. Mama alikuwa amefumbua yake pia, ananitazama mimi, hamtazami anayeomba. Nilidhani anasubiri niitikie. Nikasema amina.

Tulifika nyumbani mapema mchana. Rafiki yangu alimuaga mama barabarani, mama akamwambia, "Aksanti, mama," akamshika mikono yote miwili. Mimi sikumuaga. Niliingia ndani nikakaa, na nilipomwona mama analiweka fagio nyuma ya mlango, kando ya mfuko wake, nilijua kwamba nisiposema sasa nitazeeka nalo.

"Mama, kuko kitu juu ya ile maneno ya maombi."

"Najua."

"Haujui. Ile maneno..."

"Nilikuwa natwanga sombe," mama alisema. "Weye unasomaka na mudomo. Nilisikia yote."

Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakikaribiana, akahesabu siku kwa vidole kuanzia Jumapili ile.

"Nilingoja uniambie. Dimanche nikangoja. Lundi, mardi, mercredi. Nikasema, anatafuta namna, ni mambo ya baba yake, haiko nyepesi. Jeudi akakuya ule mwenzako, akaanza kuniambia mambo nilisikia mbele yake. Nilimuacha amalize. Nilikuwa natafuta fasi ya kufagia, sikukuwa natafuta nabii."

"Juu ya nini haukuniambia unajua?"

"Nilikuuliza. Nilisema, weye unasema nini. Ukasema haujui."

Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa bado karibu zaidi, nikaishika hiyo. Nilimwambia kwamba yule alituchezea wote wawili, kwamba aliiba, kwamba anasifiwa na watu kwa machozi yangu. Nilisema mengi. Mama alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Aliiba," alisema. "Njo hiyo, ni matata yenu babili. Lakini ule mulango, yeye hakuutia. Aliuacha. Mulango ulitia weye."

Niligeuka kuutazama mlango wetu.

"Bwana alipiga hodi. Bibi yake aliinama, akaona uzi, akamujua. Akarudi ku kiti." Alikuwa ameushika mwisho wote wa hadithi yangu, hata mpangilio wake. "Ulisoma ile mara mbili."

"Ni hadithi tu, mama. Ni ya kuogopesha batu."

"Batu ngapi balisikia?"

"Kumi."

"Batu kumi," alisema. "Banajua sikumufungulia."

Nilitaka kumwambia kwamba ukimtoa mwenzangu hakuna aliyejua kwamba ni yeye, hakukuwa na jina, hakuna mwingine aliyewahi kuingia kwetu. Yote hayo yalikuwa kweli. Mama alisimama, akajikung'uta vumbi la Iga kwenye kitenge, na kabla ya kwenda kuangalia kama makaa yamebaki, aligusa ubao wa mlango chini kabisa kwa kidole cha mguu.

"Ile komeo unanigombezaka juu yake," alisema. "Sijaifunga hata siku moja tangu alitoka."

Nilibaki kwenye kiti. Komeo lilikuwa limeshika kutu likiwa wazi, na nilipoinama kulisukuma halikusogea.